Tofali Mapajani

Mkunga hakuliweka tofali lake mezani. Alilipakata mapajani kama alivyozoea kupakata watoto wa watu, mikono miwili juu yake, macho mbele, na hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake. Matofali ya wengine wote yalikuwa yamekwisha kupangwa. Dobi alikuwa ameweka mawili: lake lenye alama ya pasi na la mumewe lenye duara la usukani. Aliyatazama hayo mawili, akalitazama lile moja lililobaki mapajani, na kitu kikaanza kumpanda kifuani taratibu, kama maji yanayokaribia kuchemka.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Walipoanza kujenga pale shambani, kila mtu mzima alifyatua tofali moja kwa mkono wake, akalichora alama yake likiwa bichi, likaingia tanuruni pamoja na mengine. Hilo halikujengewa. Lilikuwa sauti yake. Jambo likiletwa, anayekubali huliweka lake mezani. Asiyekubali hubaki nalo mapajani, na tofali moja tu likibaki mapajani, jambo halisongi. Kinyozi, ambaye hakuwa na jambo asilolitania, alisema siku ya kwanza kwamba mbishi wa kweli atajulikana kwa mapaja. Seremala naye alitengeneza meza nene, isije ikalemewa na kukubaliana.

Jambo la leo lilikuwa dogo kwa kulitamka. Dobi alitaka kutoboa mlango wa nyuma kwenye nyumba yake.

"Dada," alisema Mpima, mpima viwanja aliyepewa uenyekiti kwa sababu ndiye aliyeongea kidogo kuliko wote. "Una neno?"

"Ninalo," alisema Mkunga. "Lakini si langu. Ni la Dobi mwenyewe. Alilisema kabla hata meza hii haijakuwapo, tumekaa juu ya magunia. Alisema nyumba yenye mlango wa nyuma ni nyumba yenye mahali pa kufia bila kuonwa. Kila nyumba iwe na mlango mmoja, na mlango huo utazame uani. Nililia siku ile. Nikamshika mkono, nikamwambia asante."

"Siku ile mume wangu alikuwa anabeba mbao begani," alisema Dobi.

"Na siku ile mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa."

Hapo watu wakainamisha macho. Hadithi hiyo waliijua wote, na ndiyo iliyowaleta shambani. Kule mjini Dobi na mumewe walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ndefu ya kupangisha. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama yake Mkunga, na mlango wake ulitazama uchochoro. Watu waliingia na kutoka kwa milango yao, kila mtu na lake, hadi Dobi alipoinua pua siku moja akiwa ameshika pasi, akaenda kugonga, akagonga tena, kisha akamwita Seremala aje na nyundo. Baada ya mazishi, Dobi na Mkunga walikaa jikoni wakaapiana kwamba wao hawatazeeka namna hiyo. Wakaanza kuwauliza watu mmoja mmoja, hadi zikapatikana kaya za kununua shamba kwa pamoja na kujenga nyumba ndogo ndogo zilizozunguka ua mmoja, jiko moja kubwa, bomba moja, na benchi moja refu la kukalia jioni. Watu wa mjini waliwacheka, wakasema hao wanakwenda kuishi kama kuku. Na kweli nyumba hizo, ukiziangalia kutoka barabarani, zilikuwa zimekaa kama kuku waliozunguka punje.

Kuta zilipokuwa zimefika kwenye linta, pale juu ya milango, mume wa Dobi alipata kiharusi.

Alikuwa mwalimu wa kufundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi walimwita Breki kwa sababu ndilo neno walilolisikia kwake zaidi. Jina likamganda hadi mkewe akalitumia. Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa mzito kama mzigo wa mtu mwingine, na maneno yalimtoka moja moja, kama abiria wanaoshuka kwenye gari bovu. Mtaalamu wa viungo alimwambia Dobi mlangoni, kwa sauti ya chini: atembee. Kila siku atembee, hata kama ni kidogo. Asipotembea sasa, mguu utasahau, na ukishasahau hakuna wa kuukumbusha.

Basi wiki ya kwanza baada ya kuhamia, Breki alitoka. Ilikuwa jioni, watu wako kwenye benchi. Alishika mkongojo, akavuka kizingiti, akaanza safari ya kwenda bombani. Mkunga ndiye aliyemwona kwanza. "Shemeji huyo!" alisema, akaanza kupiga makofi. Wote wakafuata. Kinyozi alipiga mluzi. Mke wa Kinyozi alimwinua mtoto wake aone. Dobi mwenyewe alipiga makofi hadi viganja vikamwasha, na machozi yalimtoka. Breki alifika katikati ya ua, akasimama. Kisha akageuka, na kule kugeuka kulichukua muda, na makofi yakaendelea muda wote huo kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuyaacha. Akarudi ndani. Hakutoka tena.

Dobi alimbembeleza. Akamkemea. Akaimwaga ndoo yake ya haja kila asubuhi bila kunung'unika, kisha akiwa ananung'unika. Jibu lilikuwa moja: "Sitoki mbele ya watu hawa." Kiti chake alikuwa amekigeuza, kikautazama ukuta wa nyuma. Na mguu ulikuwa unakonda. Dobi aliuosha kila siku na aliuona.

Alimjua mumewe, au alidhani anamjua. Mtu aliyetaka suruali yake ipigwe pasi hadi mkunjo ukate karatasi angependaje kuonekana anaburuza mguu? Nyuma ya nyumba palikuwa na njia tambarare iliyopita kando ya shamba, haina benchi wala watu. Mlango mmoja tu wa kutokea huko, na mguu ungepona. Ndiyo maana alikuja mezani na matofali mawili.

"Mkunga," alisema sasa, "mimi sikuombi ghala la siri. Naomba mahali pa mume wangu kutembea."

"Atembee uani."

"Hataki uani."

"Basi tumsaidie atake. Ukimfichia mlango leo, kesho atakuwa anatokea huko na kuingilia huko, na sisi tutakuwa tunamsikia tu. Keshokutwa hatutamsikia. Hukusema hivyo wewe?"

"Nilisema."

"Ulisema vizuri sana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Kinyozi alikohoa. "Jamani, hasira hasara."

"Basi niache nipate hasara," alisema Dobi, akasimama. Aliliacha tofali lake mezani na la mumewe pia. Alitoka bila kuaga, na kwa kuwa nyumba zote zilitazama ua, kila mtu alimwona akitoka, akivuka, akiingia kwake, na akiubamiza mlango wake mmoja.

Asubuhi, baada ya kumnywesha mumewe chai, alimpeleka chumbani akamketisha kitandani.

"Kaa humu. Kutakuwa na vumbi."

"Vumbi la nini?"

"La ukuta."

Breki alifungua mdomo, lakini Dobi hakusubiri neno lishuke. Alikwenda kwenye chumba cha vifaa vya wote, akachukua mtaimbo wa Seremala, akazunguka nyuma ya nyumba. Alisimama mbele ya ukuta ule akautazama. Alijua nani alifyatua tofali gani. Wengine walikuwa na mkono mzito, wengine walikuwa wavivu wa kuchanganya udongo. Ukuta huo waliujenga wote kwa zamu wakiimba, na Mkunga ndiye aliyepiga lipu upande huu, kwa kiganja, kwa sababu mwiko ulikuwa umepotea. Alama za vidole vyake zilionekana bado.

Dobi alipiga hapohapo kwenye vidole.

Lipu ilibanduka vipande vipande. Tofali la kwanza lilikataa, la pili likapasuka, la tatu likaangukia ndani na kishindo. Mikono iliyofua mashuka ya hoteli miaka mingi ilikuwa na nguvu ambayo watu hawakuitia hesabuni. Kila pigo alilipa mwenye nalo: hili la Mkunga na mapaja yake, hili la Mpima na ukimya wake, hili la benchi, hili la kiharusi, na pigo moja kubwa, lililomtetemesha hadi menoni, lilikuwa la mwanamke aliyekaa juu ya gunia akisema maneno mazuri kuhusu milango.

Wakaja. Ilikuwa vigumu wasije. Seremala alifika wa kwanza, akautazama ukuta, kisha mtaimbo.

"Huo mtaimbo wangu," alisema.

"Nitaurudisha."

"Ukitoboa bila kuweka linta, paa litakukalia kichwani, mama."

"Likinikalia ni kichwa changu."

Mkunga alikuja mwisho. Hakukimbia. Alipita katikati ya wenzake hadi alipoifikia lipu iliyolala chini, akaokota kipande kimoja, akakigeuza mkononi.

"Kwa hiyo tofali langu si kitu," alisema.

"Tofali lako lilimhukumu mume wangu kifungo."

"Tofali langu ni mama yangu."

"Mama yako." Dobi aliuegemeza mtaimbo ukutani. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na wote waliomjua walijua kwamba hapo ndipo pabaya. "Kila kitu hapa ni mama yako. Benchi ni mama yako, milango ni mama yako. Sasa nikwambie. Mama yako hakuuawa na mlango. Mama yako alikufa peke yake kwa sababu wewe hukuja kumwona."

Mke wa Kinyozi alimfunika mtoto wake masikio, ingawa mtoto alikuwa bado hajui kusema.

Mkunga hakulia. Kipande cha lipu kilivunjika kiganjani mwake, vumbi likamwagika. "Ni kweli," alisema. "Nilikuwa nazalisha wake za watu. Na wewe, mwenzangu? Wewe ulikuwa ukuta kwa ukuta naye. Ulimsikia akikohoa usiku, ulisema mwenyewe. Alipoacha kukohoa ulidhani nini? Ulidhani amepona?"

Alichokuwa nacho Dobi ni mtaimbo. Aliunyakua akageukia ukuta, akapiga kwa nguvu zake zote, na safu nzima ya matofali iliyokuwa imelegea ikaporomokea ndani kwa mkupuo mmoja. Vumbi likatoka kama moshi.

Lilipotulia, walimwona Breki.

Hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama sebuleni, ng'ambo ya lile tundu, ameshika mgongo wa kiti chake kwa mkono wa kushoto, amevaa fulana na kaptura, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole. Mkongojo ulikuwa umebaki chumbani. Alikuwa ametembea, kutoka kitandani hadi pale, bila mkongojo, na kila aliyesimama nje alilielewa hilo kwa wakati mmoja. Mikono ya mke wa Kinyozi ilianza kuinuka.

"Atakayepiga makofi," alisema Breki, "nitamtupia tofali."

Mikono ikashuka.

Alivuta pumzi. Walisubiri. Hakuna aliyemsaidia neno, labda kwa sababu ya vumbi.

"Tofali langu. Liko wapi?"

"Liko mezani, mzee," alisema Mpima.

"Nani aliliweka?"

"Mimi," alisema Dobi.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unaona haya. Ule mguu. Wewe mtu wa..." Alishindwa. "Najua unavyopenda kuonekana."

Breki alicheka kwa nusu ya mdomo, na kicheko hicho hakikuwa na raha ndani yake. "Haya. Mimi. Nimefundisha watu gari maisha yangu yote. Wamenizimia gari katikati ya barabara. Wamenigongesha miti. Mmoja alinitapikia mapajani. Haya gani?" Alitulia, akameza. "Lakini sikuwahi kumpigia mtu makofi. Anayejifunza hapigiwi makofi. Anaambiwa endelea. Au haambiwi kitu, mnatazama barabara."

"Shemeji," alisema Mkunga, "ilikuwa furaha."

"Furaha yenu. Mguu wangu."

Mkunga aliinamia vumbi lililobaki kiganjani mwake.

"Mlinipigia makofi," alisema Breki, na sasa sauti ilipanda, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikipanda tangu hospitali, "kama mtoto aliyeweza kukaa kwenye poti. Wote. Na wewe." Alimnyooshea mkewe kidole cha mkono mzima, kiti kikayumba, akakishika tena kabla mtu hajapiga hatua. "Nikasema, sitoki mbele ya watu hawa. Hukuuliza kwa nini. Ukaenda kutafuta mlango. Huyu naye akakatalia mlango. Mmenijadili juu ya meza, mmenipigia kura, mmenivunjia ukuta. Sikutaka mlango. Nilitaka mnyamaze."

Kinyozi alijaribu utani. "Tuliondoe lile benchi, mzee?"

"Benchi lina kosa gani? Kaeni. Semeni mambo yenu. Tukananeni." Alikuwa amechoka, jasho lilichora mifereji kwenye vumbi la uso wake. "Nileteeni tofali langu. Na huo ukuta mzibe. Kuna upepo."

Akageuka. Kule kugeuka kulichukua muda, na safari hii waliyatazama majani, wakaitazama anga, wakavitazama viatu vyao.

Waliuziba kesho yake, wanawake wawili, kwa sababu Mpima aliuliza nani atauziba na wote wawili wakasema "mimi" kwa hasira, na hakuna aliyethubutu kuchagua mmoja. Dobi alishika mwiko. Mkunga alichanganya udongo na kumpa matofali. Hawakusemeshana. Tofali likitolewa linapokelewa, lisipopokelewa upesi linawekwa chini kwa kishindo. Dobi alipokosea mstari, Mkunga aliguna kwa pua, Dobi akalitoa tofali na kulipanga upya.

Kadiri ukuta ulivyopanda, tundu lilizidi kuwa dogo, na kupitia tundu hilo mtu aliyesimama nyuma aliona hadi mbele: kiti, sebule, mlango uliofunguliwa, ua, bomba. Dobi aliona benchi limejaa. Kinyozi alikuwa anamnyoa Seremala shavu lilelile kwa muda mrefu mno. Mpima alikuwa anapima kamba aliyokwisha kuipima. Wote walikuwa wameshughulika kwa bidii ya kutisha.

Kisha mgongo wa Breki ukakatiza mlangoni, ukashuka uani. Mkongojo ulikita, mguu ukaburuta, mkongojo ukakita.

"Anatoka," alisema Dobi. Halikuwa neno kwa Mkunga hasa, lakini hakukuwa na mtu mwingine.

"Usitazame."

"Sitazami." Alipaka udongo, akapanga tofali, na lingine. Lilibaki tundu la tofali moja.

Huko mbele mkongojo ulikita, mguu ukaburuta. Halafu kukawa kimya.

Dobi alikuwa na tofali la mwisho mkononi. Kimya kiliendelea. Benchini hakuna aliyesema kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ungedhani ua mzima umekufa.

"Ameanguka?" Mkunga aliuliza. Uso wake ulikuwa umepauka. Alikuwa amesimama pembeni, mahali ambapo hakuweza kuona, na alikuwa ameikunja mikono yake iliyojaa udongo kama mtu anayejifunga kamba.

"Sijui."

"Tazama basi."

"Umesema nisitazame."

"Dobi, kimya kama hiki..." Hakumaliza. Dobi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mkutanoni alimwona mtu, hakuona mapaja wala tofali. Aliona mtu ambaye kutotazama kulikwisha kumgharimu, na ambaye alikuwa amesimama pale hatazami. Hasira yake haikuisha. Ilisogea tu kidogo, ikaacha nafasi.

Maji yalianza kumwagika kwenye ndoo.

"Nani anafunga bomba hili?" sauti ya Breki ilitokea uani, nzito, neno kwa neno. "Nani anakaza hivi? Anafunga bomba au anafunga jela?"

"Mimi," alijibu Kinyozi bila kugeuka. "Zoea."

"Mjinga wewe."

"Na wewe punguza maji, unatumwagia."

Mkunga aliachia pumzi. Akajifuta uso kwa mkono wa udongo, ukabaki na mstari.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sijaomba."

"Omba."

"Nikimaliza ukuta," alisema Dobi. Akalisukuma tofali la mwisho kwenye nafasi yake, akaligonga kwa mpini wa mwiko hadi likakaa sawa na wenzake. "Lete udongo. Huu umekauka."

Mkunga aliinama kwenye karai, akachota udongo kwa kiganja.